Barua ya wazi kwa walioshika ufunguo wa ukumbi wetu

Moshi, Kilimanjaro

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa,
Mtendaji wa Kata,
na Mheshimiwa Diwani.

YAH: KURUDISHIWA UKUMBI WA MTAA KWA AJILI YA BARAZA LA JUMAMOSI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia kwa heshima, na ninawaandikia hadharani kwa sababu njia nyingine nimezimaliza. Barua ya kwanza niliileta ofisini mwezi Februari, ya pili Aprili, ya tatu Juni, na nakala za zote tatu ninazo zikiwa na muhuri wa kupokelewa. Nilichokosa ni jibu. Nimekaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya kata mara tano. Mara ya mwisho kijana wa masijala, kwa adabu zake zote, aliniambia, "Mwalimu, faili lako liko mezani kwa mkubwa." Habari ya meza nitairudia huko mbele, maana naona shida yetu ilianzia mezani.

Jina la mtaa sitalitaja. Ninyi mnaujua, wakazi wanaujua, na shabaha ya barua hii ni ukumbi, si kumwaibisha mtu.

Kwa wasiolijua baraza letu, nieleze kwa ufupi. Tangu mwaka 2016, hadi tulipofungiwa nje mwezi Januari, wakazi wapatao 20 hadi 45 tulikuwa tukikutana katika ukumbi huo kila Jumamosi, kuanzia saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili. Mabenchi hupangwa kwa duara. Hakuna mwenyekiti wala mgeni rasmi. Mimi huitwa katibu, na kazi yangu ni kufungua madirisha na kukumbusha saa. Swali ni moja kwa siku, nalo huchaguliwa wiki iliyotangulia: kwa nini vijana wanauza vihamba, yaani mashamba ya ukoo, nani amtunze mzazi aliyeanza kusahau, je, mikopo ya vicoba imejenga nyumba nyingi au imevunja ndoa nyingi? Upo mkongojo mmoja, alioturithisha mzee wetu aliyefariki mwaka wa pili wa baraza. Aliyeushika ndiye anayesema, wengine wanasikiliza. Sharti ni kwamba mtu aseme alichokiona au alichokitenda mwenyewe, si alichokisikia redioni, na kwamba ushauri hautolewi mpaka uombwe. Masharti haya yanaonekana mepesi, lakini mimi niliyefundisha darasani miaka 36 nilihitaji karibu mwaka mzima kujifunza kuuacha mkongojo upite mbele yangu bila kuushika.

Niruhusuni nisimulie Jumamosi moja tu, ili mjue mlichokifungia nje.

Siku hiyo swali lilitoka kwa vijana wa bodaboda. Walikuwa wameanzisha mfuko wa akiba, nao wakataka kujua kwa nini vyama vya wazee wao vilidhoofika. Wazee walianza pale wanapoanzia siku zote: kwamba mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao wenyewe, KNPA, ambacho miaka ya 1930 kilifuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kwamba mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ikapaa dunia nzima, na aliyekuwa na kahawa ya kuuza mwaka 1977 aliezeka nyumba yake kwa bati, kwamba katikati ya neema hiyo, mwaka 1976, serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, ikaja kuvirudisha kwa sheria ya mwaka 1982. Vijana walisikiliza kwa heshima, kama wanavyosikiliza somo la historia.

Mkongojo ukamfikia mzee mmoja aliyevuka miaka themanini. Alikaa nao kimya muda mrefu, mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema kwamba ujanani alikuwa karani wa mizani katika kituo kimoja cha kununulia kahawa, na kwamba alikuwa anaiba. Akanyoosha mkono wa kulia kutuonyesha jinsi kidole gumba kinavyoinua ukingo wa sahani ya mizani huku mdomo ukisoma namba kwa sauti. Kilo mbili hapa, tatu pale. Ya mjane, alisema, ndiyo iliyokuwa rahisi, kwa sababu mjane hakuwa na mtu wa kumsomea namba.

Mama mmoja wa makamo aliomba mkongojo. Kahawa ya kwao iliuzwa kituo hichohicho. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mama alikuwa anatupiga sisi. Alipima kwa debe nyumbani, ikifika mizani imepungua, akajua watoto tumeiuza njiani." Akaurudisha mkongojo katikati, akakaa. Zilipita kama dakika tano bila mtu kuugusa.

Jumamosi iliyofuata mzee yule alikuja na jani la isale, bichi, amelishika kwa mikono miwili. Wachaga wenzangu mnajua uzito wa jani hilo. Kwa Wapare, Wasambaa na Wamaasai tunaokaa nao mtaani ilibidi tueleze kwamba anayeletewa isale hana njia ya kukataa kusamehe. Mama alilipokea. Vijana wa bodaboda nao walirudi wakabadilisha utaratibu wa mfuko wao: fedha huhesabiwa na watu wawili, na namba husomwa kwa sauti na yule aliyechangia, si na mweka hazina. Mfuko huo upo hadi leo.

Sasa niwaulize kwa heshima: mzee yule angeyasema yale akiwa mbele ya meza kuu, kipaza sauti na kijana wa kupiga picha?

Hoja zetu ni hizi.

1. Ufunguo. Mwezi Januari kufuli la ukumbi lilibadilishwa bila taarifa. Tulipouliza tuliambiwa tulipe shilingi 60,000 kwa kila kikao, sawa na wenye sherehe. Ukumbi huo ulijengwa kwa michango: kila kaya ilitoa mfuko wa saruji au siku tatu za kazi, na asiyekuwa na saruji alibeba mchanga. Mimi nilibeba mchanga. Sina ugomvi na wenye sendofu na kichenpati, nao ni watoto wetu, na nakiri kwamba wapambaji huhitaji kuingia mapema kabla ya sherehe ya usiku. Jambo hilo lingemalizwa kwa kikao cha nusu saa: mkitutaarifu siku tatu kabla, siku ya sherehe tutapisha. Ila ukumbi uliojengwa na kaya zote kugeuzwa mali ya anayeweza kulipa ni jambo lisilowahi kuamuliwa na mkutano wowote wa mtaa niliohudhuria, na mikutano hiyo mimi siikosi.

2. Orodha. Mwezi Machi tuliarifiwa kwa mdomo kwamba hata tukilipa ni lazima tulete, siku saba kabla, orodha ya mada pamoja na majina ya wasemaji. Waheshimiwa, barazani hakuna wasemaji. Mtu anayejua siku saba kabla atakachosema ni mhubiri au mgombea. Mzee wa mizani aliingia saa kumi akiwa hajui kwamba saa kumi na moja angesema lile alilolificha zaidi ya nusu karne, na kama jina lake lingekuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyopo mezani kwenu, asingekuja kabisa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 18 na ya 20, inatambua uhuru wa mtu kueleza fikra zake na kukutana na wenzake kwa amani. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sijaona mahali panaposema wananchi waorodheshwe kwanza.

3. Mikutano iliyowekwa badala ya baraza. Hii ndiyo hoja yangu kubwa, nami naomba uvumilivu wenu.

Mmeanzisha kila mwezi mkutano mnaouita wa mazungumzo ya jamii. Nimehudhuria minne. Mbele kuna meza kuu yenye kitambaa cha kung'aa, maua ya plastiki na chupa za maji baridi. Wananchi tumepangwa kwa mistari, kila mtu akitazama kisogo cha mwenzake. Katika mkutano wa mwezi Mei utambulisho wa waliokaa meza kuu ulichukua dakika hamsini, nilizipima kwa saa yangu. Zikafuata hotuba tatu. Saa sita ilipokaribia mshereheshaji akatangaza, "Kwa sababu ya ufinyu wa muda tutachukua maswali matatu." Mama muuza ndizi aliyekaa pembeni yangu alikuwa wa nne. Alikaa mkono wake ukiwa juu mpaka sala ya kufunga ilipoanza, ndipo akaushusha. Wiki iliyofuata taarifa ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo kwamba wananchi 112 "wameshirikishwa". Mmoja wao ni mimi. Nilishiriki kupiga makofi.

Mkutano wa namna hiyo una kazi yake. Wa kutangaza chanjo, bajeti au barabara itakayofungwa unahitaji hasa mtu asimame mbele na kusema. Kosa ni kuuita mazungumzo, na kosa kubwa zaidi ni kuyafungia mazungumzo yenyewe nje kwa maelezo kwamba sasa yapo. Neno baraza lilikuwa jina la kikalio cha mbele ya nyumba, ambapo mwenye nyumba na mpita njia wanakaa kwa kimo kimoja. Kwamba leo tunalo hata Baraza la Mawaziri ni kumbukumbu ya kikalio hicho. Huku milimani kwetu mifongo, yaani mifereji ya maji, haikutunzwa kwa hotuba. Waliokunywa kutoka mfongo mmoja walikaa pamoja, wa juu na wa chini, wakagawana siku za maji na siku za kuzibua, na wa chini alisikilizwa kwa sababu ndiye wa kwanza kujua kwamba maji yamepungua.

Wala msiseme kwamba serikali haiwezi kuendesha jambo la namna hii, kwa maana iliwahi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi vidogo kuizunguka redio. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na mama yangu alikuwa katika kikundi kimoja kati ya hivyo. Redio iliwekwa juu ya kigoda, wakasikiliza kipindi, kisha redio ikazimwa. Kuzimwa kwa redio ndiko ninakokukumbuka zaidi. Kiongozi wa kikundi, mwalimu wa kisomo mwenye kijitabu, aliuliza nani mtoto wake ameugua tumbo mwezi huo, na kina mama wakaanza kusimuliana. Mwisho wa mwezi choo chetu kilikuwa kimechimbwa, na baba, ambaye hotuba za bwana afya zilikuwa zimempita miaka yote, ndiye aliyeshika sururu. Dola ilisema yake kupitia redio, kisha ikajua wakati wa kunyamaza ili watu wazungumze. Ninyi mmeacha redio ikiwaka.

4. Posho. Katika mikutano yenu kila anayesaini hupewa shilingi 5,000. Najua nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba watu tisa waliokuwa wakija barazani bure miaka yote wameniuliza, bila utani, sisi tunatoa ngapi. Mtu akishalipwa ili asikilize, siku asipolipwa anajiona anaibiwa.

5. Siku na saa. Jumatano saa nne asubuhi muuza mboga yuko sokoni Mbuyuni, dereva yuko barabarani, fundi yuko saiti. Sihitaji kuongeza.

Najua majibu mtakayotoa, kwa sababu baadhi yake nimeyapewa kwenye korido.

Mtasema baraza ni siasa. Tumekuwa na wanachama wa vyama vyote kwenye duara lile, na sharti la kusema ulichokitenda mwenyewe limewashinda wanasiasa wengi kuliko polisi wangeweza. Mwenyekiti wetu wa Mtaa ni shahidi. Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 alikuja barazani, akakaa benchi la kawaida, akashika mkongojo, akatueleza alivyoshindwa biashara ya duka na alichojifunza. Alituambia kila mtaa ungestahili kuwa na baraza kama lile. Mheshimiwa Mwenyekiti, tuliyaamini maneno yako kwa sababu uliyasema baada ya kukiri kushindwa.

Mtasema ukumbi unahitaji mapato. Ni kweli, na bati zinavuja upande wa choo. Lakini vioo vya madirisha saba tuliviweka sisi, taa tunanunua sisi, na kila Jumamosi tuliuacha ukumbi umefagiliwa. Tuko tayari kuandikiana mkataba wa matengenezo. Hatuko tayari kuwauliza bibi wa miaka sabini na kijana asiye na kazi kama wana nauli ya kuzungumza.

Mtasema tuna kundi la WhatsApp la mtaa. Tunalo, na kwa michango ya misiba halina mfano. Lakini humo mtu anaandika neno moja saa nne usiku, wenzake wanaligeuza wapendavyo, na asubuhi watu wawili hawasalimiani dukani. Jani la isale halipelekwi kwa simu.

Mtasema makanisa na misikiti inatosha, kwa kuwa jumuiya zinakutana kila wiki. Nasali katika jumuiya yangu na ninaipenda. Humo ninakutana na wanaosali kama mimi. Yule mama wa kahawa ni Mwislamu kwa ndoa, mzee wa mizani ni mzee wa kanisa, na sehemu pekee ambapo wangeweza kukaa benchi moja mtaani kwetu ilikuwa ukumbi ule.

Mtasema tukakae chini ya mti. Tumekaa. Kuanzia Machi hadi Mei kuna mvua za masika, na Juni na Julai, kama mjuavyo, mawingu hushuka na baridi ya alasiri huingia kwenye mifupa ya wazee. Mzee wa mizani hajafika tangu wiki ya pili ya Juni. Nilimtembelea, anakohoa, na aliniuliza kama mlango umefunguliwa.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, nayo hayahitaji bajeti. Kwanza, tupewe nakala ya ufunguo, au mlango ufunguliwe kila Jumamosi saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili bila ada, kwa mapatano ya kupisha sherehe niliyoyaeleza. Pili, sharti la orodha ya mada na majina lifutwe kwa maandishi, kwa kuwa lililetwa kwa mdomo na la mdomo hurudi kwa mdomo. Tatu, suala la nani atumie ukumbi na kwa ada gani lipelekwe kwenye mkutano wa wakazi, siku na saa ambayo wafanyakazi wanaweza kufika, na mabenchi siku hiyo yapangwe kwa duara. Nne, kila mmoja wenu aje barazani angalau mara moja kabla ya mwisho wa mwaka, bila msafara na bila kutambulishwa, akae alipopata nafasi. Mkongojo ukimfikia na hana la kusema, anaupitisha tu. Wengi wetu tulianza hivyo.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Likija tutalisoma barazani lote, hata kama ni la kukataa, na atakayetaka kuwatetea atapewa mkongojo kama mwingine yeyote.

Jumamosi hii tutakuwa nje ya ukumbi, ukuta wa mashariki ambako jua la alasiri halifiki. Mabenchi manne tumeazima kanisani na mikeka mitatu msikitini. Swali la siku limeletwa na yule mama muuza ndizi, lilelile alilolishikia mkono mwezi Mei: nani aliamua kwamba mtaro wa maji machafu upite mbele ya shule, na je, anaweza kutueleza alivyofikiri?

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Katibu wa baraza la Jumamosi,
Moshi.

Nakala: Ubao wa matangazo wa mtaa.